Baba hawezi kumeza, kaka anataka tuuze kihamba

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tabata, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yetu ana miaka 71, yuko nyumbani Rombo, Kilimanjaro, na mama. Tangu mwezi wa tatu chakula kinamkwama, na sasa anaweza uji mwepesi na chai tu. Amepigwa kipimo cha kamera, wakachukua kinyama, majibu yakasema ni saratani ya koo la chakula na imeshafika kwenye ini. Daktari alisema operesheni haitasaidia, akataja kuwekewa kimrija kooni na dawa za maumivu. Kaka yangu aliye Oman anasema hapa wamemkatia tamaa, tuuze kihamba, shamba letu la ukoo, tumpeleke India. Mdogo wetu wa mwisho, anayeishi na baba, hataki kusikia. Baba mwenyewe hajaambiwa kitu. Nimeshachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, shilingi 1,500,000 na zote zimeishia kwenye nauli na vipimo. Usiku baba analia kwa maumivu ya mgongo, mama ananipigia simu na mimi sina la kumwambia. Nikikataa India nitaonekana nimemuua baba. Ijumaa napanda basi kwenda nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, mwaka wa kumi na sita sasa. Tiba shufaa ni huduma ya mtu ambaye ugonjwa wake hauponi: kutulizwa maumivu, kusaidiwa kula, kulala na kupumua, na kusimamiwa yeye pamoja na watu wake mpaka siku ya mwisho. Umeniandikia mambo mengi, India, kihamba, deni, lakini kuna mstari mmoja uliouweka karibu na mwisho ambao mimi ningeuweka wa kwanza. Baba analia usiku.

Hilo lishughulikiwe kabla ya kikao chochote cha familia. Mtu aliye kwenye maumivu makali hawezi kushauriana na wanawe, na wanawe waliosikia kilio kile kwenye simu hawawezi kuamua jambo la pesa kwa akili iliyotulia. Nimeona watu wakiuza ng'ombe, pikipiki na kiwanja kwa sababu ya usiku mmoja wa namna hiyo, na dawa ya usiku ule ilikuwepo kwenye hospitali ileile waliyotoka asubuhi. Hakuna aliyeiomba.

Dawa ninayoisema ni morfini ya maji. Najua jina hilo linavyotisha. Watu wananiambia, "Sista, wakianza kumpa hiyo ndiyo wamemaliza." Hofu hiyo imetokana na kwamba kwa miaka mingi morfini ilitolewa siku mbili za mwisho tu, kwa hiyo kila aliyeipata alionekana akifa. Ikitolewa kwa kipimo chake, ikianzia kidogo na kupandishwa taratibu kwa kufuata maumivu, haimuui mgonjwa na haimgeuzi teja. Mgonjwa wa saratani anayeipata vizuri huamka, huoga, huongea na wajukuu. Kwa baba yako kuna faida nyingine: ni ya maji, na yeye hawezi kumeza vidonge. Si dawa ya kitajiri pia. Kule Kampala, Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alionyesha kwamba unga wa morfini ukichanganywa na maji kwa utaratibu mzuri, dawa hiyo inaweza kumfikia mwanakijiji nyumbani kwake kwa gharama ndogo sana.

Inavyofanya kazi ni hivi. Morfini ya maji hukaa mwilini kama saa nne, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa nne kwa saa ya ukutani, bila kusubiri maumivu yarudi. Ratiba tunayowaandikia wengi ni saa 12 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku daktari huiandika maradufu, ili mgonjwa na anayemuuguza walale bila kuamshwa saa 8 usiku. Huyo ni mama yako, naye anahitaji usingizi kama baba. Muombeni daktari aandike pia dozi ya nyongeza, kwa maumivu yatakayopenya katikati ya ratiba. Dawa hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai hakifai, kwa sababu kijiko cha mama si kijiko cha jirani. Kila dozi iandikwe kwenye daftari: saa, kiasi, na maumivu yalikuwaje kabla na baada. Daftari hilo ndilo daktari atakalolitumia kupandisha au kushusha.

Siku mbili tatu za mwanzo baba atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu. Hayo kwa kawaida hupita. Kisichopita ni kufunga choo. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na morfini, na mkiona hawakuwaandikia, rudini mkaulize. Akifikia kulala kiasi cha kutoamshika, msimpe dozi inayofuata, pigeni simu hospitali mara moja. Na msiikatishe ghafla hata akisema amepata nafuu.

Sasa kimrija. Kinachotajwa hapo ni kibomba laini cha wavu wa waya, huingizwa mdomoni kwa msaada wa kamera kikiwa kimekunjwa, kikifika penye uvimbe kinafunguka na kuacha njia. Hakigusi saratani yenyewe. Kinachofanya ni kumrudishia mtu kumeza, na kwa mtu ambaye kwa miezi amekaa mezani akiwatazama wenzake wakila, hilo si jambo dogo. Wapo niliowaona wakinywa mtori jioni ya siku ya pili na kulia. Baada ya kuwekewa, chakula kiwe laini, ale ameketi wima, ashushie na maji au soda kidogo kila baada ya matonge machache, asilale mara tu baada ya kula, na kichwa kiinuliwe kwa mito usiku. Nyama ngumu na tonge kubwa la ugali huziba njia. Mwulizeni daktari pia kama mionzi michache, ambayo inapatikana Ocean Road hapa Dar es Salaam na Bugando Mwanza, itamsaidia kwa maumivu au kumeza. Ila mpimeni kwanza kama ana nguvu ya safari, maana kutoka Rombo zote mbili ni mbali, na ulizeni kama sasa kuna hospitali ya karibu zaidi inayoitoa.

Nimeyaweka haya mbele kwa makusudi, dada, kwa sababu yanajibu neno la kaka yako. Anasema hapa wamemkatia tamaa. Daktari aliyetaja kimrija na dawa ya maumivu hakukata tamaa, ametaja matibabu. Kosa letu sisi watu wa hospitali ni namna tunavyosema. Tunasema "hakuna la kufanya, mrudisheni nyumbani," familia inasikia mlango umefungwa, inakwenda kutafuta mlango mwingine kwa gharama yoyote. Wengi wa wanaouza mali hawatafuti dawa. Wanatafuta mtu mmoja atakayewaambia hawajamtupa mzazi wao.

Kuhusu India, sisemi hakuna anayekwenda akafaidika. Wapo wenye magonjwa yanayohitaji upasuaji fulani, waliokwenda wakarudi wazima. Lakini saratani ya koo la chakula iliyokwishafika kwenye ini haiponywi India, haiponywi London, haiponywi Marekani. Huko wanaweza kumpa dawa za sindano za saratani zinazoongeza muda kwa baadhi ya wagonjwa, tena wenye nguvu, na dawa za aina hiyo hutolewa hata hapa nchini. Mzee wa miaka 71 anayeishi kwa uji mwepesi, ukimpandisha ndege mbili akalale wiki kadhaa kwenye nchi asiyoijua lugha wala chakula, akiwa na mtoto mmoja tu pembeni, unamwondolea vitu vingi. Na niseme lile ambalo ndugu huona haya kulisema: akifia huko, gharama ya kurudisha mwili nayo itatoka kwenye kihamba hichohicho.

Usibishane na kaka yako kwenye kundi la WhatsApp. Yuko mbali, hajamwona baba, na anayekaa mbali huumia kwa namna yake: kinachobaki mkononi mwake ni pesa, kwa hiyo anataka pesa ifanye kazi kubwa kuliko uwezo wake. Fanyeni hivi. Ombeni miadi na daktari anayemtibu baba, mpigeni kaka simu, wekeni sauti ya juu, halafu mwulizeni daktari mbele ya wote: matibabu haya yanalenga kumponya, kumwongezea muda, au kumpunguzia mateso? Tukiyafanya, tutaona mabadiliko gani na baada ya muda gani? Tusipoyafanya, itakuwaje? Kama wewe ungekuwa mtoto wa huyu mzee, ungefanya lipi? Swali la mwisho hilo madaktari wengi hulijibu kwa ukweli kuliko yote. Kaka akiyasikia kwa masikio yake, hutabeba wewe jina la aliyekataa India.

Kihamba ni habari nyingine, na wewe hunihitaji nikueleze ni nini. Nawaambia wasomaji wasiotoka mlimani. Ni shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, linalorithishwa, na kwa desturi ya Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya baba. Kwa hiyo mdogo wenu anapokataa, usimhesabu kuwa mchoyo. Mnazungumzia kuuza mahali anapolala yeye na mahali baba atakapozikwa. Tena nyumba ya ndoa haiuzwi kwa uamuzi wa watoto: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi, yaani mama yako. Je, mama ameulizwa? Baba ameulizwa? Mwenye mali yupo hai na ana akili zake, na nyinyi mnajadili mali yake na mwili wake kwenye simu kana kwamba ameshaondoka.

Hapo ndipo naona kidonda chenyewe. Baba hajaambiwa.

Miaka ya nyuma niliingia chumbani kwa mzee mmoja kumbadilishia bandeji ya jeraha. Wanawe walinizuia mlangoni, wakaninong'oneza nisitaje saratani. Nilipokuwa nakata plasta aliniambia nifunge mlango. Kisha akasema, "Hawa watoto wananificha ninachokijua, na mimi nawaficha kwamba najua. Tumechoka wote." Alikuwa na ng'ombe wawili aliowakopesha kwa watu, hakuna mwanawe aliyejua ni kwa nani. Alitaka pia kupatana na mdogo wake waliyeacha kusemeshana kwa sababu ya mpaka. Kwa jinsi familia ilivyokuwa inaigiza kuwa atapona, hakuwa na pa kuanzia.

Baba yako anajua, dada. Mtu ambaye chakula hakipiti, aliyekonda mpaka saa inamteleza mkononi, hawezi kukosa kujua. Huna haja ya kumsomea majibu ya maabara. Kaa naye mchana, maumivu yakiwa yametulia, labda nje kwenye benchi, umwulize tu: "Baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Halafu unyamaze. Ukimya utakuwa mrefu, usiukimbie. Akisema, "Naona siponi," usimkatize kwa kumwambia aache kusema hivyo, Mungu ni mwema. Mwambie umesikia. Mwulize anataka nini, anaogopa nini, angependa kuwa wapi. Akikuambia hataki kujua zaidi, hiyo nayo ni haki yake, mwulize basi ni nani kati yenu aongee na madaktari kwa niaba yake. Na kama atataka kuwatembeza wanawe kwenye mpaka wa kihamba awaonyeshe sale, ile mimea ya kuwekea mpaka, moja moja, mbebeni hata kwa kiti. Kesi ngapi za ardhi zingezuilika kwa matembezi ya nusu saa kama hayo.

Tuje kwenye pesa, kwa kuwa mshahara wa mwalimu mara nyingi huisha mapema.

Kama shule yako ni ya serikali, wewe ni mtumishi wa umma, una kadi ya NHIF, yaani bima ya afya ya taifa. Kadi hiyo humchukua mwanachama, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na mzazi anaweza kuwa mmoja wao. Walimu wengi hujaza watoto na kusahau kwamba nafasi moja ingemfaa mzazi. Kama una watoto watatu au chini ya hapo, nenda ofisi ya NHIF kabla ya Ijumaa na cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la baba, uulize usajili wake unachukua muda gani. Kama nafasi zimejaa, waulize wadogo zako kama kuna mwenye bima yoyote. Isipowezekana, baba ana zaidi ya miaka 60, na serikali ina utaratibu wa matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisa mtendaji wa kijiji kupata barua, kisha hospitali mwone Ofisa Ustawi wa Jamii. Ofisi yake kwa kawaida ipo, ila watu hupita mlangoni pake bila kuingia kwa sababu wanaona aibu. Ingieni. Kazi yake ni hiyo.

Kausha damu ilipwe kwanza kuliko kitu kingine chochote, hata kama itabidi ukope SACCOS ya walimu kuimaliza, maana riba yake inakula dawa ya baba kila wiki. Usichukue mwingine. Na unapokopa kwenye mshahara, kumbuka mtumishi anatakiwa abaki na theluthi moja; ukiifikia sasa, siku ya msiba utakuwa mikono mitupu, na msiba unakuja na gharama zake.

Pesa inayoihitaji nyumba ya mgonjwa kama wa kwenu haiko kwenye vitu vikubwa. Ni morfini na dawa ya choo, ni nauli ya anayekwenda kuzichukua, pampasi za wakubwa baadaye, glavu, pamba, mafuta ya mgando, godoro lisilochubua mgongo, sukari na majani ya chai ya wageni wanaokuja kumwona mgonjwa. Andikeni hesabu hiyo ya mwezi mmoja kwenye karatasi, mgawane kwa majina. Kaka wa Oman apewe kitu kinachoonekana, kwa mfano kimrija na gharama zake zote, ili roho yake itulie kwamba ametibu baba. Wewe chukua dawa za kila mwezi. Na mdogo wenu, ambaye najua mmekuwa mkimwona hachangii, hesabuni siku zake. Anayemgeuza baba kitandani, anayemwogesha na kukesha naye, ameacha vibarua vyake. Aliye mbali atoe pesa, aliye karibu ameshatoa mgongo wake, na huo mgongo uandikwe kwenye karatasi ileile. Nimeona ndugu wakipatana kwa mstari huo mmoja tu kwenye daftari la michango.

Watakuja watu wa dawa za miti shamba na watu wa maombezi. Usipigane nao, hasa kama mama anapata faraja. Simamia mambo mawili tu: morfini isikatishwe, na asitokee mtu wa kudai mbuzi au laki kadhaa kama sharti la uponyaji. Padri au mchungaji wenu anayekuja kumkalia baba, akamsomea, akaondoka na kikombe cha chai tumboni, huyo ni sehemu ya tiba.

Chakula kitawasumbua kuliko vyote mwishoni. Kwetu kumlisha mtu ndiko kumpenda, kwa hiyo baba akikataa uji mama ataona anajiua. Wiki za mwisho mwili haukitaki chakula, na ukilazimishwa kinaingia njia ya hewa, kinamletea kikohozi na homa. Mwache anywe anachotaka, kijiko kimoja kimoja. Midomo ikikauka, kitambaa laini chenye maji safi na mafuta kidogo vinampa nafuu kuliko lita ya maji ya mshipa. Likizo yako na ruhusa za mwajiri usizimalize sasa. Tunza siku za wakati huo.

KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, ina wahudumu wa tiba shufaa, na hospitali za Kanisa la Kilutheri (KKKT) kaskazini zimekuwa na huduma hii kwa muda mrefu; Selian ya Arusha imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwambie daktari wa baba kwa maneno haya: "Tunaomba rufaa ya tiba shufaa, baba ana maumivu makali usiku." Neno "usiku" litaje. Mwulize pia kama ndugu anaweza kuchukua dawa inayofuata bila kumbeba mgonjwa barabarani.

Ijumaa unapopanda basi, beba daftari la kurasa mia, kalamu mbili, mabomba matano ya sindano bila sindano, saa ya ukutani yenye tarakimu kubwa ambazo mama atazisoma bila miwani, na mito miwili. Ukishuka, kaombe kwanza rufaa hiyo hospitali, urudi na chupa ya dawa. Dozi ya kwanza mpimie wewe, mama akitazama, ya pili apime mama, wewe ukitazama. Kaka mpigie Jumapili, ukishajua baba alilalaje usiku wa Jumamosi, na umsomee daftari.